Kiuno cha Mama Hakipimwi

Kwa miaka thelathini nimesimama mbele ya watoto wa watu na kuwaeleza mwili wa binadamu bila kupepesa macho. Nimechora ini, nimechora figo, nimechora hata vile viungo ambavyo darasa zima huanza kucheka kabla chaki haijagusa ubao. Nilifundisha Nyamira miaka kumi na miwili, kisha nikahamishiwa mjini Kisii, nikajenga Kiogoro, na kila asubuhi napanda pikipiki kwenda kufundisha yale yale. Mada ya homoni ndiyo niipendayo kuliko zote. Wanafunzi wangu wa zamani, wengine sasa wana mvi, hukutana nami sokoni wakasema, "Mwalimu, homoni ni tarishi wa mwili," nami hufurahi kama mjinga.

Lakini nilikuwa sijawahi, hata siku moja, kutamka neno "tumbo" mbele ya mama yangu nikiwa na maana ya tumbo lake.

Asiye Mkisii anisamehe, maana hapa lazima nieleze. Sisi tuna kitu kinachoitwa chinsoni. Ukikitafsiri utasema ni heshima, au ni haya, lakini ni heshima yenye meno. Kijana akishatahiriwa, haingii tena chumba anacholala mama yake. Hakai kitandani kwake, hamwoni akivaa, hagusi nguo zake za ndani hata kama mvua inanyesha na ziko kwenye kamba. Bibi na mjukuu wanaweza kutaniana mpaka watu wazibe masikio. Mama na mwanawe, hapana. Habari za mwili wa mama ni za binti zake, na mama yetu hakujaliwa binti. Alizaa wavulana wanne, akasifiwa kijiji kizima, na hakuna aliyefikiria kwamba siku moja atazeeka na hatakuwa na wa kumsugua mgongo.

Mama ana miaka sabini na sita. Anaishi Nyacheki, kwenye boma tulilozaliwa, na shamba lake la chai linaanza nyuma ya jikoni na kuteremka hadi mtoni. Ni Msabato wa kufa na kupona. Kanisani wameshaambiwa mara ngapi kwamba chai si kinywaji cha mwili wenye afya, nao wanaitikia amina, wanarudi nyumbani, wanachuma chai, wanauza chai, wanakunywa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Mimi pia nimo, sijitoi.

Yote yalianza Sabato moja kabla ya makambi ya mwaka jana, ile mikutano mikubwa ya kanisa letu ya kila mwaka. Mama alisimama kuimba, akashika benchi la mbele, akakaa. Wakasema ni kizunguzungu. Jumatatu nikamleta mjini kwa daktari, mwanamke kijana, si wa kabila letu, mpole lakini anayesema moja kwa moja. Alimpima mama nikiwa nje, kama inavyotakiwa, kisha akamwacha mama avae na kuniita chumba cha pili.

"Mwalimu," akasema, "mama yako mikono ni myembamba, miguu ni myembamba, na mafuta yote yako hapa." Akajishika tumbo lake mwenyewe kuonyesha. Mimi nikatazama kalenda ukutani. Nakumbuka ilikuwa na picha ya ng'ombe wa gredi.

Akaendelea. Watu wanadhani mafuta ya mwili ni kama mahindi kwenye ghala, yamekaa tu yakingoja njaa. Sivyo. Yale yanayojificha ndani ya tumbo, yakizunguka ini na utumbo, yanafanya kazi kama tezi. Yanatoa homoni zake. Kuna leptini, ambayo hupeleka habari kwenye ubongo kwamba mtu ameshiba. Ikizidi, ubongo unaacha kuisikia. Kuna adiponektini, ambayo hulinda mishipa ya damu. Mafuta ya tumbo yakiongezeka, hiyo adiponektini hupungua. Pamoja na hizo, mafuta hayo hutoa kemikali zinazowasha mishipa polepole, presha inapanda, na moyo unafanya kazi ya punda bila siku ya mapumziko. Na kwa mzee mambo ni magumu zaidi, maana misuli inapungua huku mafuta yakihamia tumboni. Anaweza kuwa na kilo zile zile za miaka kumi iliyopita, watu wakasema hajabadilika.

"Kwa hiyo mzani utakudanganya," daktari akasema. "Na sitawatuma kupima homoni zenyewe. Kwa wazee zina ukaidi wake. Hiyo adiponektini ikionekana nyingi kwenye damu ya mzee, unaweza kufurahi bure, kumbe ni moyo umeanza kuchoka. Tafuta tepu tu. Kila mwezi, usawa wa kitovu, kwenye ngozi, si juu ya nguo. Nitumie namba. Miezi mitatu ikiisha bila kushuka, mlete tuupime moyo wenyewe."

Nikasema, "Sawa, daktari."

Mtu mzima na akili zangu nikasema sawa. Ningeweza kumwambia, daktari, huko kwetu jambo hilo haliwezekani, nitafutie muuguzi. Angenielewa. Lakini niliona aibu ya pili juu ya ile ya kwanza. Mwalimu wa baiolojia anayeogopa tumbo! Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayepima viuno kila siku.

"Utamweleza mama vizuri, eh?" akasema tukitoka. "Hiyo ni somo lako."

Tulipofika nje mama akaniuliza, "Amesema nini?"

"Amesema upunguze chumvi na mafuta."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, mama."

Nilirudi Kiogoro nikamweleza mke wangu, nikamwomba aende Nyacheki mara moja kwa mwezi. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua hata uso.

"Niende nimwambie mama mkwe, inua blauzi nipime? Kesho yake watasema nimeanza kumhesabia matonge. Wewe ndiye uliyetoka kwenye hilo tumbo. Nenda."

"Unajua siwezi."

"Basi mweleze mwenyewe ajipime. Ana mikono. Mficha uchi hazai, mwalimu."

Nikamwambia methali hiyo haihusiani na jambo hili. Akacheka mpaka akaacha mboga. Nilikasirika, nikatoka nje, nikasimama karibu na migomba bila kazi.

Ndugu yangu anayekaa na mama kwenye boma alikuwa na hekima yake. "Mama amenona, tumshukuru Mungu," aliniambia kwenye simu. "Akikonda watasema tumemwacha." Na hapo hakukosea. Kwetu, tumbo la mama mzee ni cheti cha wanawe. Mama akipita sokoni akiwa mnene, watu humwambia, "Watoto wako wanakuangalia vizuri," naye hutembea kama bibi harusi. Nilijaribu kumweleza ndugu yangu habari za mishipa. Akaniuliza kama mvua imenyesha Kiogoro.

Basi nikapata wazo, na wakati huo niliona ni wazo la mtu mwenye akili. Pale sokoni Nyacheki kuna fundi wa nguo, mwanamke wa rika la mama. Walikuwa wasichana pamoja, wakaimba kwaya pamoja, wakafiwa na waume mwaka mmoja. Huketi kwenye baraza ya duka na cherehani yake ya miguu, tepu shingoni kutwa. Makambi yalikuwa yanakaribia, na hakuna mama wa Kisabato anayekwenda makambini bila nguo mpya. Nikampigia simu.

"Mama, shikamoo. Nataka umshonee mama nguo ya makambi. Mpime, halafu uniambie kiuno ni ngapi."

Nikasikia cherehani yake ikisimama. "Kiuno?"

"Ndiyo, mama. Namba tu."

Siku iliyofuata akanipigia. "Mwalimu, ile kitu ni arobaini na sita."

Nikaandika. Inchi arobaini na sita. Mwezi uliofuata nikapiga tena.

"Lakini mwalimu, nguo nimeshona nikamaliza. Amevaa, imemkaa vizuri."

"Najua, mama. Mpime tu tena."

Cherehani ikasimama tena. "Sawa," akasema. Kesho yake: "Arobaini na tano."

Imeshuka! Sikuweza kujizuia, nilipiga kelele ya furaha kwenye simu. Nikamshukuru fundi, nikambariki yeye na uzao wake. Mwezi wa tatu ikawa arobaini na nne. Nikachukua karatasi ya grafu, ile ninayowagawia kidato cha nne, nikachora mistari miwili, miezi chini na inchi kando, nikaweka vidoa na kuviunganisha. Mstari uliteremka kama mteremko wa shamba letu. Nilimtumia daktari namba, pamoja na ujumbe: "Kiuno kinashuka." Akajibu: "Vizuri sana. Endeleeni hivyo." Kwa hiyo ile miezi mitatu ilipotimia sikumpeleka mama kupimwa moyo. Kwa nini nimsumbue mzee wa watu na namba zilikuwa zinazungumza?

Na nilijisifu, sitaficha. Nilijisifu chumba cha walimu. Nilikuwa nimepeleka maharagwe na mboga za saga, zile chungu za kwetu, nimemwambia shemeji yangu, mke wa huyo ndugu yangu wa bomani, aache kukaanga kila kitu kwa mafuta ya kopo, nimebadilisha unga mweupe nikapeleka wimbi. Kila mwezi namba iliposhuka, mpaka ikafika thelathini na tisa, niliona ni kazi ya mikono yangu. Grafu niliikunja nikawa natembea nayo mfukoni. Mwalimu mwenzangu wa hesabu aliniambia, "Ni mstari mnyoofu mno huo, mwili wa mtu hauendi hivyo." Nikamwambia afundishe hesabu zake.

Kinachoniuma ni kwamba niliona. Si kwamba nilikuwa mbali. Nilikwenda Nyacheki kila baada ya wiki mbili, na macho yangu yalikuwa mazima. Niliona mama ameanza kuvaa viatu vya wazi nyuma, hata siku ya Sabato, kwa sababu vile vya kufunga vilikuwa vinambana. Niliona kigoda kimewekwa katikati ya shamba la chai, na nilipouliza, shemeji akasema mama hupumzika hapo akipanda kutoka chini. Niliona kanisani hasimami tena kwenye wimbo, anaimba ameketi. Mtu mwingine yeyote angejiuliza. Mimi nilipapasa mfuko, nikagusa karatasi yangu, nikasema ni uzee na busara. Nguo ilionekana kumbana pia, lakini nikasema ni fundi aliishona ndogo.

Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka huu, saa nne asubuhi, nikisahihisha mitihani. Ndugu yangu alipiga simu akalia kabla ya kusema. Mama alikuwa ameanguka kwenye chai. Walimkuta ameegemea mashina, kikapu kimemwagika, anatafuta pumzi. Walimbeba mpaka barabarani kwa blanketi, wakapata gari, wakaja mjini.

Niliwakuta hospitalini, wameshampeleka nyuma ya pazia. Nilisimama upande huu nikisikia muuguzi akimwongelesha, akimgeuza taratibu. Kisha akasoma kwa sauti ili mwenzake aandike, presha, mapigo, na mwisho: "Kiuno, inchi arobaini na saba."

"Sista," nikasema kupitia pazia, "hebu rudia hiyo ya mwisho."

"Arobaini na saba."

"Haiwezekani. Ni thelathini na tisa."

"Mzee, nimepima mara mbili."

"Tepu yako ni mbovu!"

"Tepu haina ubovu," akasema bila kukasirika, na nikasikia mama nyuma ya pazia akiguna kwa aibu, kwa sababu mwanawe alikuwa anabishana na mtu kuhusu kiuno chake mbele ya wagonjwa kumi.

Yule daktari alikuja baadaye. Alikuwa na ujumbe wangu wote kwenye simu yake. Akausoma mmoja mmoja. Arobaini na sita, arobaini na tano, arobaini na nne, mpaka thelathini na tisa. Akaniuliza nani alikuwa anapima.

"Fundi wa nguo," nikasema.

Akavua miwani. "Fundi wa nguo," akarudia. Kisha akaniambia kwamba sehemu moja ya misuli ya moyo ilikuwa imekosa damu na imekufa, na kwamba huenda mishipa ilikuwa imeanza kuziba muda mrefu. Angemwona baada ya ile miezi mitatu angeweza kumwanzishia dawa, labda mengine yasingetokea. Sasa watalinda kilichobaki. Sehemu iliyokufa hairudi. Shamba la mteremko asahau. Alisema hayo kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko kama angenifokea.

Siku mbili baadaye, mama alipokuwa ametulia kidogo, nilikwenda Nyacheki. Nilikuwa na hasira za kung'oa mti. Nilimkuta fundi pale barazani akishona sare ya kwaya.

"Mama," nikasema bila hata salamu, "ulikuwa unampima kweli?"

Aliacha kukanyaga cherehani. "Mara ya kwanza nilimpima. Juu ya sweta."

"Na zile zingine?"

Alikata uzi kwa meno, akaukunja kidoleni. "Kaa chini, mwalimu."

"Sikai."

"Haya simama. Mimi niulize swali na wewe. Kijana mzima, mwalimu, mzee wa kanisa, ananipigia simu kila mwezi ananiuliza kiuno ya mamake. Nguo iliisha kitambo. Mimi nifikirie nini? Nilifikiria umeenda kwa mganga. Nilifikiria kichwa yako imeharibika na masomo. Nikasema, huyu ni mtoto ya rafiki yangu, siwezi kumwanika. Nikaomba Mungu. Sikuambia mtu. Hata mamako sikumwambia."

"Lakini ulinipa namba!"

"Ningefanya nini? Nikikunyima nakuaibisha. Nikikupa ya ukweli, ni mwiko kwetu sisi wote wawili. Nikakupa namba ya heshima."

"Na kwa nini ilikuwa inashuka, mama? Kwa nini usiseme ile ile?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepungukiwa. "Kwa sababu nikipunguza unafurahi."

Nilitaka kuipindua ile cherehani. Nilitaka kumfokea mwanamke wa umri wa mama yangu, sokoni, mbele ya wauza ndizi. Badala yake nikamwambia, nikiwa nusu nalia, kwamba namba zile zilikuwa za moyo. Kiuno kilikuwa cha kujua habari za moyo.

Mikono ilimwanguka mapajani. "Moyo?" akasema. "Mwalimu, si ungesema? Ningempima kila Sabato. Mimi na mamako tumeoga mto moja tangu tuwe wasichana. Hata angenipima na mimi."

Akaanza kulia, na nikabaki nimesimama pale na hasira yangu bila mtu wa kumpa. Nilimtafutia kosa njia nzima kurudi. Nilijaribu kumlaumu yeye, nikajaribu ndugu yangu, nikajaribu mke wangu na mboga zake, nikajaribu hata mababu waliotunga hizo chinsoni wakiwa hawajasikia habari za leptini. Hakuna aliyekubali kubeba mzigo. Mababu walikataza mwana kumtazama mama yake. Sikumbuki walikataza kumwambia kwamba anaumwa.

Mama alitoka hospitali baada ya wiki mbili na dawa mfuko mzima. Daktari alisema sasa apimwe uzito kila asubuhi, miguu itazamwe kama imevimba, na yeye mwenyewe aelewe kwa nini, la sivyo ataacha vidonge siku atakayojisikia vizuri. "Safari hii umweleze kila kitu," akaniambia. "Au nije Nyacheki nimweleze mimi?" Nikamwambia nitamweleza.

Nilimngoja mpaka shemeji alipokwenda kukata majani ya ng'ombe. Mama alikuwa ameketi kwenye kibaraza, anatazama watu wawili wa kibarua wakichuma chai yake vibaya. Alikuwa ameshawakemea mara mbili na pumzi zikamwishia. Nikavuta kiti, si karibu sana, nikakielekeza shambani ili sote tutazame upande mmoja.

Kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, sikuweza. Nilijaribu sentensi ya kwanza nikaiacha katikati, kila neno lilikuwa uchi. Nikahamia Kiswahili, kile cha vitabuni, kana kwamba mama ni mwanafunzi mgeni aliyechelewa muhula. Mama Kiswahili chake ni cha sokoni na cha Biblia. Alinitazama mara moja kwa mshangao, kisha akarudisha macho kwenye chai na kunisikiliza. Nilimwambia mafuta ya tumboni hayakai bure, yanatuma habari. Nilimwambia habari hizo zinafika kwenye mishipa na kwenye moyo. Nilimwambia kuna habari njema ambayo hupungua mafuta yakizidi, na mbaya ambazo huongezeka, na mtu akiwa mzee misuli inaondoka mafuta yanabaki, kwa hiyo anaweza kuonekana mnene na mwenye afya huku moyo unaungua. Nilisema "tumbo lako". Jasho lilinitoka mgongoni, lakini nilisema.

Mmoja wa wachumaji alivunja tawi zima na mama hakumkemea.

"Na hii umeijua lini?" akaniuliza.

"Siku ile tulipotoka kwa daktari, mama. Kabla ya makambi."

"Siku uliniambia ni chumvi."

"Ndiyo, mama."

"Na watoto wa shule, hii unawafundisha?"

"Nawafundisha."

"Wanaelewa?"

"Wanaelewa."

Alifunga leso vizuri kifuani. Nilijua atanikemea, na nilitaka anikemee, ningepata nafuu. Hakunikemea.

"Mimi pumzi ilianza kukatika mwezi wa tisa," akasema, na sasa alikuwa amerudi kwenye Ekegusii. "Nikilala chali nasikia kama mtu amenikalia. Nikawa nalala nimekaa. Miguu ikavimba mpaka viatu vikakataa. Kila ukija nilitaka kukuambia. Lakini wewe ni kijana wangu, nitakuambiaje mambo ya mwili? Nikasema ungekuwa ni ugonjwa, daktari angekuambia, na wewe ungeniambia."